Mursik ya Hamira

Leo nimeaibika. Na si ile aibu ya kuteleza kwa matope, watu wanakuinua, mnacheka kidogo, maisha yanaendelea. Hii ni aibu ya kuomba uhamisho. Niko nyumbani nimefunga mlango, simu inalia na sishiki, na naandika haya mwenyewe kabla hamjaletewa na mtu mwingine ameongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Kwa wale hatujajuana, mimi ni Baba Imma, karani wa mizani kwa kituo cha majani chai huku Kericho. Kwetu ni upande wa ziwa, lakini nimekaa huku miaka mingi mpaka majirani wananiita wa hapa. Mke wangu anauza mandazi karibu na geti la kiwanda. Na tuna binti mmoja, Imma, yuko gredi ya nane kwa shule ya junia iko hapo chini ya kambi ya wafanyakazi.

Sasa huyu Imma anakimbia. Sijui alitoa wapi. Mimi nikipanda kilima cha kwenda kazini napumzika mara mbili na kujifanya naangalia majani. Lakini mtoto aliingia timu ya shule, na shule yenyewe mnajua ni ya watoto wa Kikipsigis ambao mbio kwao ni kama kuenda dukani. Kuna wenzake walimwambia watu wa ziwa ni wa kuogelea, hawakimbii. (Hata kuogelea hajui. Ziwa aliliona mara moja, tulikuwa tumeenda mazishi.) Aliamka tu kila asubuhi na mapema akakimbia kati ya majani, na wiki jana akashinda mita elfu moja mia tano kwa kaunti. Namba moja. Dhahabu.

Nililia mbele ya wakulima na mizani ikiwa mkononi. Hiyo haikuwa aibu. Aibu bado inakuja.

Shule ikasema leo Ijumaa washindi watapokewa rasmi. Na huku kupokea mshindi si kupeana mkono peke yake. Mtoto anateremka na medali yake, mzazi wake anamngoja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yamelala ndani ya kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet. Mzazi anamshikia, mtoto anakunywa mbele ya watu wote, wamama wanapiga vigelegele. Imma ameangalia wenzake wakinyweshwa hivyo miaka yote, yeye akiwa pembeni anapiga makofi.

Jioni ile tulipopata habari, alikuja nikiwa navua gambuti.

"Baba, na mimi nitapata mursik?"

Nikamwambia atapata, tena itakuwa nzuri kushinda ya wote.

"Iwe tu kama ya wengine," akasema.

Kumbukeni hayo maneno. Mimi niliyasahau hapo hapo.

Jirani yetu ni mama mzee tunamwita Kogo, kwa Kikipsigis ni kama kusema nyanya. Mjukuu wake Chebet pia yuko kwa timu, alikuwa wa tatu mbio hizo hizo. Kogo alikuja mpaka mlangoni akasema anaweka kibuyu cha Chebet siku hiyo, si aweke na cha Imma pamoja, maziwa iko. Mtu mwenye akili angesema asante Kogo, Mungu akubariki, akarudi kulala. Mimi nikakataa. Nikamwambia mtoto ni wangu, na mkono uwe wangu. Yaani nilisikia vizuri nikisema hivyo. Nilisikia kama mzee wa boma.

Kogo akaniangalia. "Papa Imma, unajua kutengeneza?"

"Kogo, nimekaa huku miaka ngapi?"

"Kukaa si kutengeneza. Sawa. Lakini weka leo. Maziwa inataka kulala siku mingi, si usiku moja kama mgeni."

Nikamwambia nitaweka leo. Halafu nikaingia kwa grupu ya wazazi, nikaandika kwamba mursik ya mshindi wa kaunti italetwa na babake mzazi, ametengeneza kwa mikono yake. Watu wakaweka makofi na moto. Nikazunguka na hayo makofi wiki nzima kama nimeshamaliza kazi.

Sasa hii wiki majani yamekuja mengi vibaya. Mvua imenyesha, jua limewaka, kila mkulima anakuja na magunia. Narudi nyumbani giza, nasema kesho. Kesho nasema kesho. Jana nikafunga mizani, nikakumbuka nina kibuyu cheupe kitupu nilichonunua soko la Chepilat, na sherehe ni asubuhi ile inayokuja. Jasho lilinitoka mpaka kwa masikio.

Ningeenda kwa Kogo hata hiyo saa. Nilifika mpaka kwa ua wake nikaona taa. Nikarudi. Niliona haya kumwambia. (Jana niliogopa aibu ya mtu mmoja. Leo nimepata ya shule nzima na wageni.)

Mama Imma alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya, mtoto analala. Nikaanza. Na mniwekee hii: makaa nilifanya sawa. Nilitafuta senetwet yenyewe, nikachoma kijiti, nikasugua kibuyu ndani mpaka kikawa cheusi kama inavyotakiwa. Nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe kidogo, nikamimina. Shida ilikuwa moja tu, nimebaki na usiku mmoja.

Hapo ndipo macho yangu yaliona mkebe wa hamira wa Mama Imma juu ya kabati.

Fikirini na mimi. Kila jioni naona mke wangu anakanda unga, ni kidonge tu kwa karai. Asubuhi unga umejaa mpaka unatoka nje kuangalia watu. Kazi ya siku mingi imefanywa usiku. Nikajiuliza, kama hamira inaharakisha unga, maziwa ni nani? Nikaweka kijiko kimoja. Nikaweka cha pili. Nikaweka sukari, hamira ipate nguvu. Nikaweka kijiko kingine, hicho ni cha medali. Nikafunga kifuniko, nikakilaza kibuyu karibu na jiko na blanketi juu, nikaenda kulala nikiwa nimejipenda sana.

Asubuhi kifuniko kilikuwa kimetoka, kiko sakafuni. Nikasema ah, kumbe imeiva. Nikakirudisha. Kikatoka tena. Nikakirudisha, kikatoka. Nilichukua kipande cha nailoni cha ndani ya gunia la mbolea, nikafunika mdomo, nikaweka kifuniko juu, nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikazungusha mpira huo kama mtu anafunga mzigo wa kwenda Nairobi. Mama Imma alikuwa anafungua kila mkebe jikoni, akaniuliza kama nimeona hamira yake. Nikasema sijaona. Nilidanganya hata uji sijakunywa.

Nikapanda boda na kibuyu kifuani. Mnajua ile barabara ya mawe ya kushuka kiwandani. Tukaruka, tukaruka. Katikati nikasikia nsss. Jamaa wa boda pia akasikia, akasimama, akashuka, akabonyeza gurudumu la mbele na la nyuma. Hakuna kitu. Tukaenda. Nsss. Akasimama tena, akainama na sikio kwa tyubu. Mimi niko juu nimekumbatia kibuyu, namwambia labda ni valvu. Jameni, nilimshauri kuhusu valvu.

Shuleni kumependeza. Bango la kukaribisha washindi liko kwa geti, maskauti wamejipanga, wazazi wamevaa za kanisa. Mgeni wa heshima alikuwa madam kutoka ofisi ya elimu, amevaa suti nyeupe. Nyeupe kabisa, ile ya mtu hakai kwa vumbi. Wazazi wenye vibuyu tuliwekwa mbele, hapo hapo chini ya bango. Kogo alikuwa kando yangu na chake, cheusi, kimezeeka, kimefungwa na kifuniko cha ngozi kimetulia tu. Akakitazama changu na ule mpira.

"Papa Imma, hiyo kitu yako inaongea."

Nikamwambia inaongea kwa furaha. Kogo akasonga hatua moja pembeni. Nilifikiri ananipisha kwa heshima.

Washindi wakaingia wakiimba, wamevaa mashada ya majani shingoni. Imma alikuwa mbele. Nilimwona akitafuta watu kwa macho, akaniona, akaona kibuyu. Huyo mtoto alitabasamu! Mnajua ni gredi ya nane, siku hizi hatabasamu na wazazi bure. Alitembea kama mtu amefika kwao.

Mwalimu Rono wa michezo ndiye alikuwa na kipaza sauti. Akasema tunaanza na dhahabu, na kwamba huyu mzazi ametengeneza mwenyewe, apigiwe makofi. Madam akaja karibu ili wapigwe picha. Mwalimu mkuu akaja upande ule mwingine. Simu zikainuliwa, nyingi.

Ningefungua tu kimya kimya. Lakini nikapewa kipaza sauti, na mimi na kipaza sauti hatujawahi kuachana vizuri. Nikasema kuna watu walisema wa ziwa hawakimbii. Makofi. Nikasema kuna watu walidhani wa ziwa hawajui mursik. Vigelegele. Nikasema leo mtaona. (Kwa kweli waliona.) Halafu nikakumbuka kwamba wamama huku hutikisa kibuyu kabla ya kumimina, maziwa ichanganyike. Nikatikisa. Wanafunzi wakaendelea kuimba, na wimbo ulikuwa mtamu, nikatikisa nikicheza. Nilizunguka nacho. Nilishuka nacho chini, nikapanda nacho juu.

Ndipo nikashika mpira wa tyubu nikaufungua.

Kifuniko sikukiona kikienda. Nilisikia tu kishindo, halafu kikaanguka kutoka kwa bango. Na maziwa, yawa! Hayakumwagika. Yalitoka kama yameitwa. Povu la kijivu lenye vipande vya makaa lilipiga madam kuanzia nywele mpaka kwa kifungo cha chini. Mwalimu mkuu alipata usoni, na alipotoa miwani akabaki na macho mawili safi peke yake. Mimi nikafanya kile mtu wa akili hangefanya, nikaziba mdomo wa kibuyu na kiganja. Povu likatafuta njia ya pembeni, likaenda kwa maskauti waliokuwa wamepiga saluti. Hawakusonga hata mmoja. Watoto wa nidhamu sana wale.

Na Imma alikuwa karibu kuliko wote. Alikuwa ameshanyoosha shingo na kufungua mdomo anywe.

Wimbo ukaisha. Kukawa kimya, isipokuwa kibuyu, kilikuwa bado kinatema kidogo kidogo. Halafu harufu ikapanda. Si harufu ya mursik. Mtoto mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya kutaka kujua kabisa:

"Mbona inanukia mandazi?"

Mama Imma alikuwa kwa wazazi, safu ya pili. Alinusa tu. Akanusa tena, akaniangalia, na nikajua ameipata hamira yake.

Hapo watu walicheka. Sitadanganya kwamba walicheka kidogo. Kuna mzee alishika ua wa shule akateremka nao mpaka chini. Mwalimu Rono alijaribu kusema kitu kwa kipaza sauti, kikatoka kilio. Na mimi ningecheka nao, hata nilikuwa nimeanza, nikaangalia Imma.

Hakuwa analia. Hakufuta uso. Alikuwa ameinama anafuta medali na pindo la trakisuti, pole pole, anatoa makaa kwa zile herufi. Maziwa yanamtiririka kwa kidevu na yeye anafuta medali. Nilitaka ardhi ifunguke, na nisingengoja kualikwa. Huyu mtoto aliniomba kitu kimoja. Awe tu kama wengine, siku moja. Na nimemfanya awe yule wa video.

Nikamwita. Hakuinua kichwa.

Ni Kogo alitoka kwa mstari. Aliweka kibuyu chake chini, akatoa leso mabegani, akamshika Imma kidevu akampangusa uso, macho, masikio mpaka nyuma, vile tu anapangusa Chebet. Watu wakaanza kunyamaza wenyewe. Kisha akafungua kile kibuyu chake cheusi. Akamwita Chebet kwa Kikipsigis, sikuelewa yote, lakini Chebet akaitikia kwa kichwa na kurudi nyuma hatua moja kumpisha mwenzake. Kogo akainua kibuyu mpaka kwa mdomo wa Imma.

"Kunywa, mama. Hii haina kelele."

Imma akanywa. Alikunywa sana, mpaka Chebet akamwambia amwachie. Wamama wakapiga vigelegele, na hivyo vilikuwa vya ukweli, nilisikia tofauti. Imma akafuta mdomo, akacheka, wakashikana mkono na Chebet wakaenda kwa wenzao. Nilibaki hapo nimeshika kibuyu kitupu. Nilifurahi na niliona aibu pamoja. Mkono uliomnywesha haukuwa wangu, na ulikuwa ndio mkono mzuri.

Madam alipelekwa kwa ofisi ya walimu akaoshwa. Alirudi amevaa trakisuti ya timu ya mpira wa miguu, ya zambarau, namba nne mgongoni. Akatoa hotuba yake yote hivyo, akasifu mbio, akasifu drama, akasifu wale walifanya vizuri kwa sayansi. Kwa mursik alisema tu kwamba somo la kilimo na lishe liongezewe nguvu, kuanzia kwa wazazi. Nilipiga makofi. Ningefanya nini?

Nilienda kumwomba msamaha. Nikamwambia madam, suti nitaipeleka dobi mimi mwenyewe. Akanirudisha kwa upole sana. Akasema hapana Baba Imma, asante, wewe usiiguse. Watu wengi leo wameniambia hivyo kuhusu vitu tofauti.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya kati ya majani. Mama Imma alikuwa mbele na hatua za mtu anahesabu mikebe. Imma alikuwa kando yangu. Nikamwambia pole. Nikamwambia nilitaka iwe yangu, asiseme eti babake alimwombea kwa jirani. Nikamwambia hata habari ya hamira.

Alisikiliza yote. Alikuwa bado na povu limekauka kwa sikio moja, na sikuthubutu kulitoa.

"Baba," akasema, "mimi nilikuomba mursik. Sikukuomba ujifunze kutengeneza."

Nikasema ni kweli.

Tukaenda kidogo. Akatoa medali ndani ya trakisuti, akaiangalia kama imekuwa safi, akairudisha.

"Mwezi ujao ni mbio za rijini, kaunti zote. Nikishinda Kogo ataleta mursik, nimeshamwambia. Wewe kuja na makofi tu."

Makofi. Nikamwambia hiyo naweza. Mama Imma, bila kugeuka, akasema nianze mazoezi leo, na nifanyie nje ya nyumba.